Barua ya chuo inasema tunachodaiwa ni 0, mbona bado kuna mkopo? Binti anataka udaktari, nisaidieni kulinganisha

MamaWatatu_FW

Habari zenu wadau, poleni na majukumu. Naomba mnisaidie maana kichwa kinaniuma na dedilaini ya kuvijibu vyuo ni tarehe 1 Mei. Tupo Fort Worth, Texas, binti yangu wa kwanza anamaliza sekondari mwaka huu 2026 na tangu ana miaka 9 anasema atakuwa daktari, tukadhani ni utoto utapita, kumbe wapi. Amekubaliwa sehemu tatu na sasa nyumbani kila mtu ana lake.

Cha kwanza ni chuo binafsi nje ya jimbo, kina jina, kina jengo jipya la sayansi, na kwenye brosha wameandika wanafunzi wao wa primedi (wanaojiandaa kwa udaktari) 9 kati ya 10 wanaingia chuo cha udaktari. Baba yake aliposoma hapo ndo basi tena, kishapenda. Cha pili ni chuo cha umma cha mfumo wa UT (University of Texas), kipo dakika 25 kwa gari, atalala nyumbani. Cha tatu ni komyuniti koleji ya hapa hapa kwetu, asome miaka 2 kisha ahamie chuo kikubwa, hilo ni wazo la dada yangu ambaye alipita njia hiyo kwenye unesi na ikamtoa.

Kinachonishinda ni barua ya hicho cha kwanza. Naiandika kama ilivyo, ni dola kwa mwaka:

Gharama yote: 67,800
Skolashipu ya chuo: 36,000
Ruzuku ya Pell: 2,395
Mkopo wa mwanafunzi: 5,500
Kazi za chuoni: 2,500
Mkopo wa PLUS wa mzazi: 21,405
Unachodaiwa: 0

Mume wangu kaweka kidole kwenye hiyo sifuri anasema si unaona, sifuri. Mi ni CNA (msaidizi wa manesi), yeye anaendesha lori, tukijumlisha kwa mwaka tunapata kama 78,000 kabla ya makato na nyuma kuna wadogo zake wawili. Sasa hii sifuri ni sifuri kweli? Na kwa mtu anayetaka udaktari chuo chenye jina ndo kinamfikisha au tunanunua brosha?

---

Oganiki_Iliniua

Shikamoo mama. Mi niko mwaka wa 2 chuo cha udaktari hapa hapa Texas, nimeinuka kwenye anatomia sasa hivi kwa hiyo nikiandika ovyo unisamehe.

Hiyo sifuri siyo sifuri. Chukua kalamu ufute mistari mitatu, mkopo wa mwanafunzi, kazi za chuoni na PLUS. Mkopo ni deni lililovalishwa kanzu ya msaada, na kazi za chuoni ni mshahara ambao mtoto hajaufanyia kazi bado, anaweza asiupate wote. Pesa ya bure hapo ni skolashipu na Pell ya serikali tu, 38,395. Toa kwenye 67,800 unabaki na 29,405. Hiyo ndo bei yenu. Kwa miaka 4 ni 117,620, na hapo nimefanya kama ada haitapanda hata senti, jambo ambalo mi sijawahi kuliona.

Halafu angalia huo mstari wa PLUS vizuri kwa sababu sheria imebadilika. Sheria ile iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imeweka kikomo kwa wanaoanza kukopa kuanzia 1 Julai 2026, yaani nyie: mkopo wa PLUS wa mzazi, ambao ni wa serikali, hauvuki 20,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja na 65,000 kwa jumla ya masomo yake. Sasa wamewaandikia 21,405, mwaka wa kwanza tu mshavuka. Na 21,405 mara 4 ni 85,620, wakati mwisho ni 65,000. Hiyo tofauti ya zaidi ya elfu 20 itatoka wapi? Benki binafsi, na benki itataka mtu wa kumdhamini, na huyo mtu ni wewe na baba.

Riba ya PLUS kwa mwaka huu wa masomo wa 2025-26 ni 8.94%, na kabla pesa haijafika chuoni wanakata ada ya mkopo 4.228%. Kwa hiyo ukikopa 20,000 kama 845 inaishia njiani, na riba ya mwaka mmoja peke yake ni 1,788. Mwaka mmoja huo, bado mitatu.

La pili, ambalo ningetamani mtu angeniambia nikiwa na miaka 18. Primedi siyo digrii. Hakuna cheti kinachoitwa hivyo. Ni orodha ya masomo: bailojia mwaka mzima, kemia ya kawaida, oganiki, fizikia, bayokemia, takwimu, uandishi wa Kiingereza, na tangu MCAT (mtihani wa kuingia udaktari) ibadilishwe mwaka 2015 ongeza saikolojia na sosholojia maana zinaulizwa. Unaweza kusomea historia ukayachukua hayo pembeni na ukaingia udaktari. Yapo karibu kila chuo. Kemia ya chuo cha elfu 67 ni kemia ile ile ya chuo cha jirani, inaungua maabara vile vile, mi niliunguza zote mbili 😂

Kinachoangaliwa ni GPA (wastani wa alama), MCAT, masaa ya kukaa na wagonjwa, barua za walimu. MCAT ni mtihani mmoja nchi nzima, alama kuanzia 472 mpaka 528, hauulizi umetoka chuo gani.

Swali la kuuliza hicho chuo binafsi kabla ya lolote: hiyo 36,000 ina sharti la GPA ngapi? Kuna rafiki yangu skolashipu yake ilitaka 3.5, akakutana na kemia ya mwaka wa kwanza, akapata C, mwaka wa pili barua ikaja bila skolashipu. Mtoto wa primedi anasoma masomo magumu kuliko wenzake lakini sharti ni lile lile la anayesoma vitu vyepesi.

---

BabaMapacha

Dada pole, mimi nitaongea kama mzazi aliyeungua. Sitataja chuo.

Kijana wangu alienda chuo binafsi cha aina hiyo hiyo, na brosha ilikuwa na hiyo hiyo 9 kati ya 10. Tulishangilia, tukasaini. Mwaka wa kwanza darasa la bailojia lilijaa ukumbi mpaka wengine wamekaa kwenye ngazi. Mwaka wa nne wale wa primedi waliobaki wangetosha meza moja ya kantini. Wengine wote wamehamia biashara, saikolojia, afya ya jamii, wapi sijui. Hao hawahesabiwi.

Halafu kuna kitu kinaitwa barua ya kamati. Chuo kina kamati yake inayoandika barua moja ya kumtambulisha mwanafunzi kwa vyuo vya udaktari. Kijana wangu alikuwa na 3.4, siyo mbaya, kamati ikamwambia hatukuandikii mwaka huu, subiri uimarishe. Kumbe ndo mchezo wenyewe, anayeonekana hataingia hapewi barua, asipopewa barua anaogopa kuomba, asipoomba hayumo kwenye hesabu, na 9 kati ya 10 inabaki pale pale inang'aa kwenye brosha. Ukiangalia nchi nzima, wanaoomba udaktari wanaopata nafasi kwa mwaka hawafiki nusu. Sasa chuo kikikuambia 90 muulize 90 ya akina nani, ya walioanza au ya mliowachuja wenyewe.

Sisemi wote wako hivyo. Nasema uliza: walioingia mwaka wa kwanza wakisema wanataka udaktari walikuwa wangapi na walioomba mwishoni walikuwa wangapi. Mi nilipouliza, mwaka wa tatu tayari, yule mama wa ofisini alininyamazia kidogo halafu akanipa kipeperushi.

Kijana yuko vizuri sasa, ni mtaalamu wa maabara, ameoa. Mkopo wa PLUS bado nalipa mimi. Upo kwa jina langu, siyo lake, hilo nalo watu hawalijui wakati wa kusaini.

---

ZamuYaUsiku_MN

Mama mpendwa hamjambo, mimi ni Mkenya niko huku Minnesota, Brooklyn Park. Nakubaliana na hao wawili, naongeza kitu kimoja tu, kazi yako ya CNA.

Watu huku wanaidharau CNA ati ni kazi ya kugeuza wazee usiku. Lakini vyuo vya udaktari vinataka masaa ya kuwa karibu na mgonjwa na watoto wa matajiri wanalipia safari za wiki mbili kwenda kupiga picha na wagonjwa nchi za watu. Msichana wako akichukua kozi ya CNA wiki chache, afanye wikendi, anapata mshahara NA masaa. Wangu amefanya shifti za Jumamosi na Jumapili miaka mitatu, kwa maombi yake aliandika juu ya mzee mmoja aliyekuwa akimuita kwa jina la dadake marehemu kila asubuhi, na yeye alikuwa anaitika. Kwa intavyuu walimuuliza hiyo tu. Lakini likizo afanye nyingi na muhula afanye kidogo, kama inakula kemia yake si faida tena.

Huku kwetu tuna North Star Promise, ilianza 2024, familia ikiwa chini ya 80,000 vyuo vya umma vya jimbo ada ni bure. Nadhani Texas mna yenu, si ndio? Wenye kujua waseme.

---

Oganiki_Iliniua

@ZamuYaUsiku_MN ndiyo ipo, na nilikuwa naijia. Mama kwa kipato cha 78,000 soma hapa taratibu.

Mfumo wa UT una Promise Plus, kuanzia muhula wa vuli 2025 familia za Texas ambazo kipato chao kwenye fomu ya kodi hakizidi 100,000 ada na michango ya lazima inalipwa yote katika vyuo vyao vya digrii ya kwanza. Awe mkazi wa jimbo, asome muda wote siyo nusu, na mjaze FAFSA, ile fomu ya serikali ya kuombea msaada wa masomo. Hiyo haifuti chakula wala mafuta ya gari wala vitabu. Lakini akilala kwenu, chakula ni kile kile mnachopika siku zote. Kwenye barua ya cha pili nadhani wameandika gharama kama 26,000 au zaidi hivi kwa sababu wanaingiza nyumba na chakula hata kama analala kitandani kwake, msitishike na hiyo namba. Toa ada, toa nyumba, angalia kinachobaki. Pell yake ikizidi kidogo itasaidia vitabu.

Na kuna hii, mama, hii ndo hasa sababu ya mimi kuacha anatomia. Inaitwa JAMP. Bunge la Texas liliianzisha 2001 kwa ajili ya watoto wa familia zenye kipato kidogo wanaotaka udaktari. Anaomba akiwa mwanzoni mwanzoni mwa chuo, akichaguliwa anapata pesa za masomo, kambi za kiangazi zenye posho, wanamuandaa na MCAT, na akitimiza masharti yote ana nafasi ya uhakika katika chuo kimojawapo cha udaktari cha Texas. Ya uhakika. Masharti ni awe mkazi wa Texas, raia au mwenye grini kadi, na awe ameingia chuo cha miaka 4 ndani ya Texas mara tu baada ya sekondari. Akienda nje ya jimbo mlango huo umefungwa, na akianzia komyuniti koleji nao umefungwa. Ndo maana kwa huyu binti mi siangalii ipi rahisi tu, naangalia ipi inamwacha na milango mingi.

Vyuo vya udaktari vya umma vya Texas ada yake kwa mkazi inacheza kwenye elfu 20 na kitu kwa mwaka, binafsi vingi nchini vimeshapita 60,000. Na sheria ya hapa inasema wa nje ya jimbo wasizidi asilimia 10 ya nafasi. Yaani nyie mnakaa juu ya hazina mnataka kuhama.

---

Kibao_cha_Mbuzi

Nyote mnaongea kama chuo binafsi ni ugonjwa. Siyo hivyo. Vyuo tajiri kabisa vinakuwa rahisi kuliko vya umma kwa familia kama hii. Harvard kuanzia 2025-26 familia ya chini ya 100,000 hailipi kitu, na mpaka 200,000 haitozwi ada. Rice pale Houston tangu 2019 ina mpango wake wa kufuta ada kwa kipato cha kati, na ni Texas hiyo hiyo kwa hiyo JAMP haimkwepi. Berea kule Kentucky haitozi ada mtu yeyote, unafanya kazi chuoni angalau masaa 10 kwa wiki basi. Na Xavier ya Louisiana ni chuo kidogo tu cha watu weusi lakini kwa miaka mingi ndo kinachotoa wahitimu weusi wengi zaidi wanaomaliza udaktari nchi nzima, hiyo siyo brosha.

Tatizo ni hivi vya kati, vyenye jina nusu na pesa nusu. Vinatangaza bei kubwa ili vikupe skolashipu kubwa ujisikie umependwa. Ni kama duka linalopandisha bei Ijumaa lishushe Jumamosi. Kila chuo kinachopokea pesa ya serikali kinatakiwa kuwa na kikokotoo cha bei halisi kwenye tovuti yake, tangu 2011 ni sheria, kwa hiyo wadogo zake hao wawili anzeni nacho kabla ya kuomba. Siyo mkae mtoto kashapenda ndo mnaanza kujumlisha.

---

DadaWaUnesi

Mi ndo huyo dada 😄 kaniita niingie. Nataka kutetea komyuniti koleji, mnaipita kama haipo. Pell inafunika karibu ada yote, darasa lina watu 24 mwalimu anakujua kwa jina, na Texas namba za masomo ni za pamoja, CHEM 1411 ya hapa inatambulika kwenye vyuo vya umma vya jimbo. Mi sikuwa na deni hata dola moja nilipohamia.

---

Oganiki_Iliniua

Dada sikupingi, wenzangu wawili darasani walianzia huko. Kama kusingekuwa na Promise Plus ningesema aanzie huko na oganiki akaisomee chuo kikubwa, kwa sababu vyuo vingine vya udaktari vikiona sayansi yote imesomwa komyuniti koleji vinauliza kama ataweza kasi. Lakini hapa ada ya chuo cha UT tayari ni bure, sasa unaokoa nini kwenda komyuniti koleji? Vitabu? Na unapoteza JAMP. Unesi na udaktari havichujwi kwa chekecheo moja.

Ila kitu kimoja kumhusu binti: kama alichukua masomo ya chuo akiwa sekondari, yale yanayohesabiwa sekondari na chuoni kwa pamoja, zile alama zinahesabiwa. Ukiomba udaktari unaleta rekodi ya kila chuo ulichosoma hata kama ulikuwa na miaka 16. Mwambie asiyachukulie mzaha hata haya yaliyobaki mwezi huu.

---

Mzizima_86

Samahani naingilia, na mimi mpwa wangu yupo Dar, form six PCB, anataka kuja huko kusoma primedi kwa viza ya mwanafunzi. Inakuwaje kwa gharama?

---

Kibao_cha_Mbuzi

@Mzizima_86 ndugu yangu tuongee ukweli. FAFSA, Pell, mikopo ya serikali, Promise Plus, JAMP, vyote hivyo mgeni wa viza hapati. Vyuo vinavyompokea mgeni bila kuangalia uwezo wake na kumlipia upungufu wote ni vichache mno, Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, na vingine vichache, na ushindani wake usiulize. Halafu akimaliza miaka 4 ndo kwanza anaanza kuomba udaktari, na vyuo vingi vya udaktari havichukui asiye na grini kadi, vinavyochukua vingine vinataka aweke ada ya miaka yote benki kwanza kama dhamana. Wakati huko huko Dar akiwa na PCB nzuri anaingia MUHAS moja kwa moja, miaka 5 na mwaka mmoja wa mafunzo kazini, ni daktari. Akitaka Marekani baadaye afanye USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari ya huku. Huyo wa huku kwa muda huo bado yupo kwenye anatomia kama mwenzetu hapo juu.

---

Oganiki_Iliniua

Bado nipo kwenye anatomia kweli 😭

Mama cha mwisho halafu nalala. Watu wanalinganisha miaka 4 tu wanasahau miaka 8. Zamani mtu akiingia udaktari alikuwa anakopa mkopo wa Grad PLUS mpaka gharama zote zinaisha. Sheria hiyo hiyo ya 2025 imeufuta kwa wanaoanza kukopa kuanzia Julai 2026, na sasa mwanafunzi wa udaktari mkopo wa serikali mwisho ni 50,000 kwa mwaka, 200,000 kwa jumla. Chuo kikiwa gharama yake na maisha ni 90,000, hiyo 40,000 nyingine kila mwaka inatoka benki, na benki itauliza mdhamini. Mdhamini mwenyewe akiwa tayari amejaza PLUS 65,000 ya digrii ya kwanza, nani atamsainia? Ndo maana mi nasema saini yenu nyie wazazi ni mali, msiitumie mwaka wa kwanza kwa sababu ya jengo jipya la sayansi.

Na kuna gharama za kuomba, watu hawazitaji. MCAT zaidi ya 300. Mfumo wa kitaifa wa maombi, AMCAS, ni 175 kwa chuo cha kwanza na arobaini na kitu kwa kila kinachoongezeka, kisha kila chuo kinakuletea fomu yake ya pili na ada yake. Mi niliomba vya Texas tu kwa mfumo wa hapa, TMDSAS, unalipa mara moja vyuo vyote. Kwa hiyo ya kitaifa kuna msaada wa AAMC (umoja wa vyuo vya udaktari) kwa wenye kipato kidogo, unapunguza bei ya MCAT na kufuta ada ya AMCAS mpaka vyuo 20, lakini lazima uombe KABLA ya kulipa, ukishalipa hawakurudishii. Mwenzangu alilipa Jumatatu akakubaliwa msaada Alhamisi. Basi tena.

---

MamaWatatu_FW

Jamani nimesoma yote, asanteni sana, na wewe mwanangu wa anatomia Mungu akupe nguvu umalize.

Leo mchana wakati wa brek niliwapigia hicho chuo binafsi nikiwa nimekaa kwenye gari na karatasi mapajani. Nimeuliza maswali yenu kama yalivyo. Sharti la skolashipu ni GPA 3.4 kila mwaka, na ikishuka unapewa muhula mmoja tu wa kuirudisha. Nikauliza ada ikipanda skolashipu inapanda? Haipandi, 36,000 inabaki 36,000 mpaka mwaka wa nne. Nikauliza hiyo PLUS ya 21,405 mbona imezidi kikomo kipya, akaniweka kwenye muziki dakika kumi na kitu, akarudi akasema barua zilitengenezwa mapema watatuma nyingine. Nikauliza ile 9 kati ya 10 ni ya walioanza au walioomba. Akasema hilo ni la ofisi nyingine, akanipa imeili.

Kizuri nilichopata ni kwamba ndani ya ile 67,800 kuna bima ya afya ya chuo 3,900, tukionesha bima yetu inaondolewa. Kwa hiyo kutoka 29,405 inashuka 25,505. Nikamuandikia mume wangu kwenye simu, akajibu "afadhali". Nikamuandikia mara 4 ni 102,020. Hakujibu.

Jioni tulikaa na binti mezani, barua zote tatu tumezifuta mikopo kwa kalamu nyekundu kama mlivyosema. Hapo cha UT kilibaki kama 4,000, vitabu, mafuta na paking, na yeye anasema wikendi za CNA zinaifikia. Alilia kidogo, sitaficha, alishajiona kwenye yale majengo, na mashati ya chuo alishaagiza. Baba yake alikaa kimya muda mrefu, akavaa miwani, akasema hebu nisomee tena hiyo JAMP, inaombwa lini.

Bado hatujabonyeza kitufe, tumempa mpaka Jumapili aamue mwenyewe. Ila baba yake sasa hivi yupo nje na tochi anaangalia breki za ile Corolla ya zamani.

---

BabaMapacha

Aangalie na tairi za nyuma.